Tafakari ya Kwaresima: Tangi Letu la Kioo



Sisi ni wale wazee wawili mnaotuona tukikaa benchi la tatu, upande wa kisima cha ubatizo. Baba Padri alituomba tuandike neno la Kwaresima katika gazeti letu la mtaa, naye twadhani alitazamia neno juu ya kufunga au juu ya sadaka. Tumejaribu mara mbili tukashindwa. Kilichotukaa moyoni ni tangi la samaki lililo sebuleni kwetu, na kila tuliposhika kalamu lilisimama mbele yetu. Basi mtuvumilie. Tumekuwa waalimu kwa miaka 38, na mwalimu hawezi kusema neno bila kielelezo mezani.

Wengi wenu mmeliona. Lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kina 50, yaani lita 300 likijaa, madumu 15 ya lita ishirini. Mwaka 2011 bwana mmoja mtaalamu wa viumbe vya bahari alimaliza kazi yake hapa Tanga akawa anarudi kwao, akatuachia tangi pamoja na mawe yake, samaki wake, na matumbawe laini machache aliyokuwa akiyatunza kwa kibali. Akatuandikia na karatasi mbili za maagizo. Karatasi zile tungali nazo, nazo zinatushitaki.

Yafaa kwanza tueleze jinsi tangi la namna hii linavyoishi, maana pasipo hilo habari yetu haitaeleweka. Samaki hula, hutoa uchafu, na uchafu ule huzaa amonia, ambayo ni sumu. Ingekuwa ndio mwisho wa habari, lakini Mungu ameweka katika bahari viumbe wadogo wasioonekana kwa jicho, bakteria, waitumiao amonia ile na kuigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu. Lakini wapo wengine waigeuzao kuwa nitrati, ambayo samaki huweza kuivumilia isipozidi. Mrusi mmoja, Sergei Winogradsky, ndiye aliyeonyesha kazi ya viumbe hao mnamo mwaka 1890. Nao hukaa wapi? Zaidi hukaa katika vitundu vya mawe ya matumbawe. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mtu wa Jakarta huko Indonesia, aliandika jinsi alivyoweza kutunza samaki na matumbawe kwa mawe hai ya baharini, maji ya bahari, mwanga wa jua na mapovu ya hewa, bila mitambo mingi. Wageni wakija kwetu husifu samaki. Hatujapata bado mgeni wa kusifu mawe.

(Na neno moja dogo kwa vijana watakaopenda kujaribu: maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji baridi yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke. Bahari ina chumvi kiasi cha gramu 35 katika kila lita. Ukijazia maji ya bahari kila siku, haitapita miezi mingi utakuwa umegeuza tangi kuwa pipa la ng'onda. Matumbawe msiyatoe baharini. Sheria inayalinda, na baruti za wavuvi pamoja na lile joto la mwaka 1998 zimekwisha kuyatesa ya kutosha katika pwani yetu.)

Ubaya ulianza polepole. Yule bwana alituagiza mchanga wa chini usizidi unene wa vidole viwili, na kila mwezi tuufyonze kwa mpira ili uchafu utoke. Tuliufyonza kwa uaminifu miaka minne. Kisha kazi zikazidi, mitihani ya wanafunzi, misiba, vikao vya kanisa, tukaanza kuufyonza sehemu ya mbele tu, ile ionekanayo na wageni. Nyuma ya mawe tukaacha. Mchanga ukapanda kwa uchafu hata ukawa kama shubiri moja.

Kwa nje hapakuwa na neno. Kila baada ya majuma mawili tulichota madumu matatu ya maji ya bahari wakati wa maji kujaa, tukatoa lita 60 na kutia lita 60. Maji yaling'aa. Lakini baada ya siku nne au tano mwani wa nyuzi ulirudi juu ya mawe kama nywele, ukayasonga matumbawe. Tulilaumu maji ya bahari. Tulilaumu taa. Tulimlaumu hata muuza chakula cha samaki. Kumbe uchafu wa miaka ulikuwa umeoza chini ya mchanga, na fosfati ilikuwa imeingia ndani ya mawe yenyewe. Jiwe lililoshiba fosfati, ukilitia katika maji safi, huitoa tena kidogo kidogo, na mwani hula na kunenepa.

Sasa tuliache tangi kidogo, twende Muheza, maana huko ndiko lilikotupeleka.

Baba wa mmoja wetu (hatutasema yupi, maana katika ndoa ya miaka mingi kama yetu baba ni mmoja) alifariki mwaka 2016. Aliacha shamba la michungwa, ekari nne, na watoto wawili: sisi, na mdogo wetu aliyekuwa akifanya kazi Mtwara. Mwaka 2017 mashamba ya kijiji yalikuwa yakipimwa na watu wakipewa Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Mdogo wetu hakuwapo. Tukaandikisha shamba lote kwa jina letu. Tulisema ni kwa usalama tu, lisije likachukuliwa na wengine. Tulisema tutamwingiza baadaye. Twawaambia kweli, wapendwa, siku ile tulipotia sahihi tulijua. Baadaye haikufika. Lakini kila msimu tulimpelekea kwa basi magunia mawili ya machungwa yaliyochaguliwa, naye alipiga simu kushukuru. Maji yaling'aa.

Mwaka 2019 yalitokea mambo mawili, nasi wakati ule hatukuona kwamba yanafanana. La kwanza lilikuwa la tangi. Mmoja wetu aliona weusi kwenye kioo, chini ya mchanga, akatwaa kijiti cha mwanzi akauvuruga ili upate hewa. Mapovu yakatoka yenye harufu ya yai viza. Waliosoma kemia wanaijua: ni hidrojeni salfaidi, tena ni sumu kali. Mchanga hakuutoa. Aliuvuruga tu, akaosha mikono, akaenda kulala. Asubuhi kangaja wetu wawili walikuwa wamelala ubavu, na konokono nusu yao wamekufa.

La pili lilikuwa la nyumbani kwetu Muheza. Mama alifariki, na siku ya tatu ya matanga tukasimama mbele ya wazee tukasema kwamba kama mdogo wetu ana neno lolote juu ya shamba, na aseme. Hatukusema hati ina jina la nani. Naye akasema, tena kwa sauti kuu, nasi tukamjibu kwa upole wa kialimu kwamba msibani hapagombanwi. Aliondoka usiku ule, matanga hayajaondolewa. Machungwa ya msimu uliofuata yalirudi kwa basi lilelile, yameoza. Tangu siku ile kila tulipoieleza habari hii kwa watu tulianza na kelele zake. Hatukuwahi kuanza na hati.

Na miaka hiyo yote, kila Jumapili, tulipiga magoti mbele ya altare pamoja nanyi.

Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo sura ya tano, anamtaja mtu aliyekwisha kufika na sadaka yake, ndipo akakumbuka. Akakumbuka nini? Hapo ndipo tulipokosea, sisi tuliofundisha watu kusoma. Tulisoma kana kwamba alikumbuka kuwa yeye ana neno juu ya ndugu yake. Kwa hiyo kila Kwaresima tulijipima: je, tumemsamehe kwa kelele zile za matangani? Tukajiona tumemsamehe, tukashukuru, tukapokea Sakramenti. Someni tena, wapendwa, kwa kidole. Ni ndugu ndiye mwenye neno juu yake. Mwenye sadaka ndiye mdaiwa. Naye haambiwi aharakishe kutoa kisha aende, bali aiache sadaka hapo hapo, aende kwanza.

Mwezi wa Desemba uliopita umeme ulikatika kutwa nzima, pampu ikasimama, na harufu ikajaa sebule. Mjukuu wetu wa miaka tisa akauliza kwa nini tusiutoe mchanga. Tulimweleza kwa nusu saa ugumu wa jambo hilo, habari ya bakteria na ya samaki na ya umri wetu. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza tena.

Tulilivunja Jumamosi ya pili ya Januari. Kazi hii ina utaratibu wake. Kwanza huvutwa maji ya juu kwa mpira, yangali maangavu, yakawekwa katika pipa kwa ajili ya samaki. Ukichelewa, ukaanza kugusa mawe, huna tena maji safi ya kuwaokolea. Ndipo mawe hutolewa, moja moja, yakasukwasukwa katika ndoo ya maji yale yale ya zamani. Samaki hukamatwa mwisho, kwa kuwa mawe yakiwamo hawakamatiki; jaribuni mwone. Walikuwa wamebaki wawili, mtu na mkewe, wale wenye mikanda miwili myeupe wakaao katika anemoni. Tuliwatia katika pipa lenye pampu ndogo, na matumbawe yaliyosalia tukayaweka katika beseni karibu na mwanga.

Halafu mchanga. Tuliuteka kwa kopo, beseni saba. Juu ulikuwa mweupe, katikati kijivu, chini mweusi kama masizi ya sufuria. Harufu yake ilifika hata nyumba ya tatu, na jirani yetu, mzee wa Kiislamu mwenye utu sana, alikuja na kofia yake mkononi kuuliza kama tumefiwa. Tulipomwonyesha alitazama kwa muda, akasema, "Na hiki chote kilikuwamo sebuleni?" Tukasema ndiyo, kilikuwamo, nasi tukila chakula mbele yake. Tena tukafanya kosa jingine: tuliumwaga nyuma ya nyumba kwenye migomba. Chumvi ile imekausha migomba mitatu, wala migomba haikuwa na hatia yoyote.

Kioo na pampu tulivisafisha kwa siki, ambayo huyeyusha chokaa. Sabuni haifai kamwe. Yalipofika mawe pakawa na mabishano. Kijana aliyetusaidia, mpendwa mmoja wa mahubiri ya uwanjani, alitaka tuyachemshe au tuyatie dawa ya kung'arishia nguo, tuanze upya kabisa, ya kale yasiwepo. Tulikataa. Ukichemsha jiwe unaua mwani, lakini unaua na wale watenda kazi wasioonekana, ukabaki na jiwe safi lililokufa, na samaki wako wa kwanza atakufa kwa amonia. Tuliyatia mawe katika pipa la maji ya bahari lenye pampu, tukalifunika gunia ili mwanga usiingie, kwa majuma sita. Gizani mwani hufa kwa kukosa jua, bali bakteria hawahitaji jua. Kila juma tulikuta vumbi la kijivu chini ya pipa, kama pumba, uchafu ambao mawe yameutema. Tukaumwaga, tukatia maji mengine. Juma la kwanza pumba ilijaa bakuli. Juma la sita ilikuwa kijiko kimoja.

Tulimwambia kijana yule habari ya Yeremia, sura ya 18, alipotumwa nyumbani kwa mfinyanzi. Chombo kiliharibika mkononi, na mfinyanzi hakutupa udongo ule akatafute mwingine mtoni. Alifinyanga udongo uleule. Kadhalika Kanisa letu halirudii ubatizo wa mtu aliyepotea akarudi. Wapo kati yetu waliokwenda kuzamishwa mara ya pili kwingine, wakidhani ule wa utotoni umeoza pamoja na miaka yao mibaya. Hatuwalaumu, ila twawahurumia kwa kulichemsha jiwe. Na wale waliokwenda kuhiji Unguja wameliona Kanisa Kuu la Kristo, lililoanzwa kujengwa mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa. Askofu Edward Steere hakutafuta kiwanja kingine kisicho na machozi. Alijenga palepale, kwa mawe ya matumbawe ya kisiwa kile, naye alipofariki mwaka 1882 alizikwa humo humo.

Mawe yalipokuwa gizani, sisi tulikwenda kwa Baba Padri kwa kitubio. Tulikuwa tumejiandaa vizuri, tena tulikuwa na maneno mengi, tukaanza na siku ile ya matanga. Alitusikiliza kidogo, kisha akauliza, "Hati iko wapi?" Tukasema iko kabatini. Akanyamaza. Tunawaandikia haya kwa hiari yetu, maana yeye hawezi kuyasema.

Juma lililofuata tulikwenda kijijini na hati mfukoni, tukaomba mbele ya Halmashauri ya Kijiji shamba ligawanywe, zitoke hati mbili. Wazee walitutazama kama jirani yetu alivyoutazama mchanga. Tukamwandikia mdogo wetu barua kwa mkono. Barua ile tuliirudia mara nne, na kosa lilikuwa moja, ambalo tungelipigia mstari mwekundu katika daftari la mwanafunzi yeyote: tulikuwa tumeandika "kama tulikukosea". Tulifuta "kama". Tukaeleza kwamba tulijua siku ile ya sahihi. Tukaweka na hesabu ya machungwa yaliyouzwa tangu 2017, msimu kwa msimu, na nusu yake tunayomdai sisi wenyewe kwa ajili yake. Kwa pensheni ya mwalimu itachukua muda kuimaliza, nasi tukamwambia hivyo.

Tangi tumelijaza tena. Mchanga hatukuurudisha. Sasa chini ni kioo kitupu, na uchafu ukianguka unaonekana siku hiyohiyo, nao hufyonzwa siku hiyohiyo. Si zuri kama zamani, wala hatutaki kuwadanganya. Juma la pili utando wa kahawia ulitanda juu ya mawe yote na kioo, na ndugu mmoja wa kwaya aliyekuja kutusalimu alicheka akasema tumetoa uchafu mweusi tukaweka wa kahawia. Mambo huwa hivyo. Utando huo huja katika kila tangi jipya, na kwa kawaida hupungua wenyewe tangi likikomaa. Wenye haraka huusugua kila siku, wakakata tamaa. Hatari nyingine ni ile Bwana aliyoionya katika Luka 11, ya nyumba iliyofagiwa ikaachwa tupu, hata yule aliyefukuzwa akarudi na wenziwe saba. Ndiyo maana mawe yamo tangu siku ya kwanza, ingawa samaki hawajaingia. Jioni tukikaa mbele ya kioo kile kisicho na samaki twakumbuka wazee wa Ezra, sura ya tatu, waliolia msingi mpya ulipowekwa, kwa kuwa walikuwa wameiona nyumba ya kwanza, na vijana wakishangilia, hata sauti mbili zisiweze kutengwa. Mjukuu wetu ndiye anayeshangilia.

Barua yetu mdogo wetu aliijibu kwa ujumbe wa simu wa neno moja: "Nimesoma." Baada ya siku 11 akaandika tena, kwamba atafika Muheza Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka ili aone mipaka ikiwekwa. Kama atafika na nyumbani kwetu hakusema. Kwa hiyo kwa majuma haya mtatuona tukibaki benchini wakati wa Komunyo. Baba Padri anajua, wala hakuna anayetukataza. Ni sisi tulioiacha sadaka hapo kwa muda. Mtuombee siku ile.

Samaki wale wawili wangali katika pipa uani, na wanakula vizuri. Kipimo cha nitriti kikisoma sifuri majuma mawili mfululizo tutawarudisha. Jana jioni kilikuwa bado na rangi ya waridi.